Mvita Yataka Sahifa Yake

Alipofariki mzee mmoja fundi wa saa mtaani kwetu, mwanzoni mwa mwaka huu, mtu ambaye kwa zaidi ya miaka arubaini alikuwa akikaa nyuma ya kijimeza kilichojaa vijichuma visivyoonekana ila kwa kioo alichokibana jichoni, habari yake ilituenea sote kwa simu hata kabla ya jeneza kufika nyumbani kwake. Lakini siku ya tatu, hitima ilipokwisha kusomwa na watu wakatawanyika, nilipoutafuta ule ujumbe ili ninakili jina la babu yake na mwaka wa kuzaliwa kwake, sikuuona tena, kwa kuwa nao ulikuwa umekwisha kuzikwa chini ya mamia ya salamu, vichekesho na matangazo ya magodoro. Nikakaa barazani nikajiuliza: mtu huyu, aliyezifufua saa za misikiti na za afisi, za maharusi na za manahodha, ameandikwa wapi?

Hakuandikwa popote. Lau angaligongwa na gari barabarani, magazeti makubwa yangalimpa mistari miwili. Lau angalivunja duka la sonara, yangalimpa ukurasa na picha yake akiwa na pingu. Lakini maadamu alifanya kazi yake kwa uaminifu na akafa kitandani pake, hakuwa na sifa ya kuingia gazetini. Sisemi haya kwa kuyatia taksiri magazeti ya taifa, likiwemo hili linalonipa nafasi ya kusema, kwani gazeti la taifa limepewa nchi nzima kuitazama, na aitazamaye nchi nzima hawezi kuona kijimeza cha fundi wa saa. Nasema kwa sababu mji wetu wa Mombasa, ndio Mvita, uliohesabiwa kuwa na watu 1,208,333 katika hesabu ya mwaka 2019, wenye bandari inayozilisha nchi kadhaa za bara na lugha ambayo washairi wake wameifunza nusu ya ulimwengu wa Waswahili, umekaa kama mtu mwenye mali nyingi asiye na daftari. Na kila nisimamapo kwa muuza magazeti nikaulizia jarida la Kiswahili la mji huu, lenye kuandikwa na watu wanaolala humu, huoneshwa magazeti ya Nairobi.

Rai yangu ni kwamba mji hauwezi kujitengeneza mpaka uwe na maandishi ambayo mwandishi wake hana njia ya kuwakimbia aliowaandika. Mwandishi aliye mbali akikosea jina la mtaa, au akimsingizia mtu jambo, hapana wa kumsuta. Barua ya malalamiko itakwenda safari ndefu na jawabu lake huenda lisirudi. Bali mwandishi wa jarida la mji akikosea, atasutwa Marikiti mbele ya mizani ya samaki, atasutwa msikitini au kanisani, atasutwa harusini na shangazi wa yule aliyemsingizia, na mwisho atasutwa na kinyozi wake mwenyewe, wembe ukiwa shingoni. Mtu anayejua kwamba atakabiliwa hivyo hujifunza insafu ambayo hakuna chuo cha uandishi kiwezacho kumfundisha, na msomaji naye, akijua anakoishi mwandishi, humwamini kwa kiasi ambacho hawezi kumwamini mgeni.

Wala jambo hili si geni kwetu, hata tukakope kwa watu. Kabla ya mtambo wa chapa kufika pwani hii, Mombasa ilikuwa na jarida lake, nalo lilisomwa kwa ulimi. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, aliishi katika zama ambazo Mazrui, watawala wa Mombasa, walikuwa wakishindana na Seyyid Said, sultani wa Omani, na kuteta na Lamu, naye hakuacha jambo la mji lipite bila kulitungia: vita na sulhu, njaa na shibe, mapenzi na husuda, safari za baharini na hiana za marafiki. Beti zake zilitoka kinywani mwake zikaingia katika vinywa vya watu, zikajibiwa na wapinzani wake wa hapa na wa Lamu, naye akajibu majibu yao, hata mambo ya mji yakawa yanajadiliwa kwa mizani na vina mbele ya watu wote. Nani alithubutu kutunga uwongo, ilhali waliotungiwa walikuwa wamesimama pale pale wakisubiri zamu yao ya kujibu?

Lakini ulimi una ajali yake. Beti hizo zingalipotea pamoja na waliozihifadhi, lau asingalipatikana katika karne ile ile mtu wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdalla, aliyefanya juhudi ya kuzikusanya kutoka katika kumbukumbu za wazee na kuziandika, akisaidiana na William Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa akijifunza lugha na adabu zetu. Zikaja kutiwa chapa zikiwa diwani mwaka 1940, kwa mkono wa William Hichens, baada ya miaka kama mia tangu mshairi azikwe. Kila niikumbukapo taarikhi hii huona fahari na hofu pamoja: fahari kwamba tulikuwa na hazina hiyo, na hofu kwamba ilitosha mtu mmoja kukosekana, yeye Mwalimu Sikujua, na leo tusingalikuwa na kitu ila majina.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, nao ndio ulionipa neno la juu ya makala haya. Mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891, mwanachuoni aliyekuwa msomaji wa jarida la Al-Manar la Cairo na aliyeona kwa macho yake jinsi maandishi yanavyoweza kuuamsha umma, alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa. Haikuwa na picha wala haikuwa na kurasa nyingi. Ilikuwa karatasi tu, ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo zilikuwa na hekima yake, kwa kuwa watu wengi wa mji, wake kwa waume, ambao hawakupata kukanyaga shule ya serikali wala ya wamisheni, walikuwa wamesoma chuoni, na kwa hivyo walihesabiwa na watawala kuwa hawajui kusoma, ilhali karatasi ya Sheikh waliisoma barabara. Mwaka 1932 akaliasisi gazeti la Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Baadaye akashika ukadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, hata alipofariki mwaka 1947. Makala za Sahifa zilikusanywa zikatolewa kitabu mwaka 1944 kwa jina la Uwongozi, na leo, takriban miaka mia baadaye, wanavyuoni wa Ulaya wanazifasiri na kuzichambua.

Ni nini kilichomo ndani ya karatasi zile hata zikaishi? Tukiziangalia, hatuoni habari za wafalme wala za vita vya mbali ila kidogo, tunaona mji. Sheikh aliwahimiza watu wasiuze ardhi za baba zao kwa fedha zinazokwisha katika karamu. Aliwasema kwa kuwaiga Wazungu katika mavazi na kuacha kuwaiga katika bidii na umoja. Alitetea elimu ya wanawake. Alilalamikia uvivu, na ufujaji, na kutosaidiana katika biashara. Hayo ni maneno makali, na aliyasema akiwalenga watu aliokuwa akisali nao safu moja, aghalabu akijitia mwenyewe miongoni mwa anaowalaumu. Mgeni akituambia kwamba sisi ni wavivu, tunahamaki na kumtukana. Lakini akitwambia hivyo mtu ambaye mwanawe anasoma na mwanetu, na ambaye kesho tutakutana naye matangani, hasira zetu hupoa tukaanza kutafakari kama amesema kweli. Kwa hiyo nguvu ya Sahifa haikuwa katika wino wake, ilikuwa katika nyumba ya mwandishi wake, ambayo kila mtu aliijua mlango.

Hatuna budi kukiri kwamba Sahifa na Al-Islah zilisema na sehemu moja tu ya mji, yaani Waislamu, na kwamba mwandishi wake, kwa haki yake na kwa zama zake, aliutazama mji kutoka mimbarini. Mombasa ya leo ni ya Waswahili na Wamijikenda, Wakamba na Waluo, Wahindi na Wasomali, Waluhya na Wataita, na wengine ambao babu zao walishuka reli ilipokuwa ikitandikwa na wakasahau kupanda tena. Jarida litakalozungumza na sehemu moja tu ya watu hao litakuwa jarida la jamaa, wala si la mji. Na Kiswahili, ambacho ni mali ya wote hao, ndicho kitakachotuwezesha kuliandika jarida la wote.

Mfano wa tatu unatoka kusini kidogo, Tanga, mji ambao katika mambo ya kusoma na kuandika ulitangulia zaidi ya wengi wanavyodhani. Mwaka 1904, katika shule ya serikali ya Wajerumani mjini humo, lilianza kutoka gazeti la Kiswahili la kila mwezi likiitwa Kiongozi, wala msomaji asilichanganye na lile la Kanisa Katoliki lililokuja kuchukua jina hilo hilo miaka mingi baadaye. Kiongozi lile la kwanza liliendelea mpaka vita vikuu vya kwanza vilipolikatisha mwaka 1916. Lilikuwa chombo cha dola, na asitazamie mtu kukuta humo kilio cha waliopigana vita vya Majimaji kikisemwa kwa ndimi zao wenyewe. Hata hivyo lilikuwa na jambo moja jema: walimu na makarani waliotoka katika shule ile, wakatawanyika katika vituo vya nchi, walikuwa wakiliandikia barua za kueleza yaliyojiri huko waliko, mvua na nzige, maradhi na sherehe, nani kahamishwa na nani kafariki. Miaka kadhaa baadaye, Januari 1923, Mambo Leo lilipoanza kutoka Dar es Salaam chini ya idara ya elimu ya serikali ya Kiingereza, desturi hiyo ya kupokea habari za miji na mashairi ya wasomaji iliendelea na kukua, na miongoni mwa walioleta tungo zao humo alikuwa karani mmoja wa forodha, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, jina lake Shaaban Robert.

Wasomi wa taarikhi leo wakifungua magazeti hayo, hawaanzi na tahariri zilizoandikwa kwa amri ya serikali, zikisifu mfalme wa Ujerumani au wa Uingereza. Wanaanza na zile barua ndogo ndogo za karani aliyelalamika kwamba daraja limevunjika na mwalimu aliyesifu ngoma ya mahali fulani, kwa kuwa katika hizo ndimo wanamojua watu walikula nini, walivaa nini, walicheka nini. Mhariri wa zama hizo yamkini aliziona kuwa kijazio cha ukurasa. Nami naona ni hoja ya kutosha kwa yeyote anayedharau habari ya fundi wa saa, kwamba hatujui leo ni lipi litakalokuwa na thamani kesho, ila uzoefu umekwisha kutuonesha kwamba aghalabu ni lile tulilolidharau.

Sasa nifike mahali ambapo hoja yangu ina jeraha, kwa sababu msomaji mwenye kumbukumbu amekwisha kuniuliza moyoni: je, na Unguja? Nilisema kwamba ujirani humfundisha mwandishi insafu. Basi mbona Unguja, kisiwa ambacho kila mtu anamjua mwenziwe na babu yake, magazeti yake yalifanya kinyume? Ni kweli. Hapakuwa na mji wa pwani uliokuwa na magazeti mengi kama ule kwa ukubwa wake. Tangu mwaka 1929 palikuwa na Al-Falaq la jumuiya ya Waarabu. Mwaka 1942 likaja Mwongozi. Palikuwa na Afrika Kwetu lililowasemea Waafrika. Na baada ya uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957, katika miaka ambayo wenyewe huiita zama za siasa, kila chama na kila tawi la chama lilitaka gazeti lake. Ndipo kalamu zilipogeuka mapanga. Magazeti ya pande zote yakaanza kuhesabiana asili, nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, babu wa nani alikuwa mtumwa na babu wa nani alikuwa mwenye watumwa, na maneno ambayo jirani asingalithubutu kumwambia jirani mlangoni yakawa yanapigwa chapa na kuuzwa kwa senti. Juni 1961 palizuka ghasia za uchaguzi wakafa watu 68. Januari 1964 yakaja mapinduzi na damu nyingi zaidi, na baada yake magazeti yale yakafungwa. Sisemi kwamba magazeti ndiyo yaliyoua, kwani mizizi ya fitina ile ilikwenda mbali katika ardhi, kodi na utumwa. Nasema yaliutwaa ugomvi wa wakubwa yakaugawa nyumba kwa nyumba.

Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na jawabu nililolipata ni kwamba waandishi wa Unguja walikuwa jirani wa wasomaji wao kwa makazi tu, bali kwa utiifu walikuwa jirani wa chama. Mwandishi yule akimkashifu mtu wa mtaa wake, hakuogopa kusutwa sokoni, kwa sababu chamani alikuwa akingojewa kwa makofi. Kwa hiyo haitoshi jarida kuandikwa na watu wa mji. Shurti pia liwe halilishwi na mtu mmoja wala kundi moja, kwa maana mwandishi humhofu yule anayempa mkate kuliko yule anayempa mkono. Huu ndio ufa ambao jarida lolote la mji linaweza kuingiliwa nao, na anayetaka kulijenga aanze kuuziba kabla ya kupaka chokaa.

Wako watakaosema kwamba haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa kila mtaa sasa una kundi lake la simu ambamo habari hufika kwa nukta, bila karatasi, bila bei. Sikatai faida zake; ajali ikitokea Makupa, au kivuko kikisimama Likoni, nami hutazama simu yangu kwanza. Lakini tuyapime makundi hayo kwa mizani ile ile. Habari iliyotumwa humo aghalabu haina mwenyewe, imetumwa na aliyetumiwa na aliyetumiwa. Ikiwa ya uwongo hapana wa kumshika ukosi, na ikiwa ya kweli haikai. Kisha wanaosoma ni wale tu walioingizwa, kila mtaa na lake, kila kabila na lake, kila msikiti na kila kanisa na lake, hata mji ukawa kama nyumba kubwa ya Mji wa Kale iliyogawanywa na warithi kwa kuta za mbao, kila mtu anasikia kikohozi cha mwenziwe asijue anaumwa nini. Jarida la mji huziondoa zile kuta mara moja kwa mwezi: mtu wa Likoni akasoma kero ya mtu wa Jomvu, na mvuvi wa Mtongwe akajua kwa nini bei ya kitoweo imepanda Kongowea.

Fauka ya hayo, kuna kazi ambayo simu haiwezi na gazeti la taifa halina nafasi nayo, nayo ni kuitazama serikali yetu ya karibu. Tangu Katiba ya mwaka 2010 na kuanzishwa kwa kaunti mwaka 2013, mambo mengi ya maisha yetu, masoko, takataka, zahanati, shule za chekechea, vichochoro na mitaro, yamekabidhiwa watu tunaoweza kuwafikia kwa matatu. Sheria inataka wananchi washirikishwe. Lakini aghalabu bajeti huandikwa kwa Kiingereza cha makarani, kurasa kwa mamia, na siku ya kikao cha kuwasikiliza wananchi huwapo wale waliokuja kwa ajili ya soda na nauli. Laiti pangalikuwa na ukurasa mmoja, kila mwezi, unaosema kwa Kiswahili safi: wadi hii iliahidiwa mtaro, fedha zake zilikuwa kadha, mtaro umefika hapa, na mwakilishi wa wadi ameulizwa akasema hivi. Mombasa ina wadi 30. Zikichukuliwa mbili tatu kwa kila toleo, mwaka hautaisha kabla kila moja haijapata zamu. Hapana tusi humo wala sifa. Ni hesabu tu. Lakini nani asiyejua jinsi hesabu iliyobandikwa ukutani inavyomnyima mtu usingizi?

Na fedha zitoke wapi? Hapa ndipo niliposema pazibwe ufa. Jarida likiishi kwa matangazo ya serikali ya kaunti, siku litakapouliza habari za mtaro matangazo yatakatwa, nalo litakufa au litanyamaza, na kunyamaza ni kufa kubaya zaidi kwa sababu hakuzikwi. Likiishi kwa mfuko wa tajiri mmoja, wakati wa uchaguzi litakuwa ngoma yake. Basi na liishi kwa wadogo wengi: maduka ya vitambaa ya Biashara Street, wauza dawa, wenye hoteli za biriani, shule, mabasi yaendayo Malindi na Tanga, mafundi cherehani, kila mmoja na kitangazo chake kidogo; na iwekwe sharti tangu siku ya kwanza kwamba hapana mtangazaji, mkubwa au mdogo, atakayechukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kurasa. Na msomaji alipe. Kitu cha bure hakina mwenyewe, na mtu aliyetoa shilingi zake husoma kwa jicho kali na hudai haki yake. Hata huyo anayelalamika kwamba jarida limepungua uzito anakuwa amelifanyia hisani, maana mtu halalamikii kisichomhusu.

Nikiulizwa ndani yake muwe na nini, ningaliomba mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi bali macho. Pawe na nyakati za maji kujaa na kupwa, na siku za bamvua, kwa ajili ya wavuvi na wenye mashua. Pawe na bei za Kongowea na Marikiti. Pawe na uwanja wa mashairi, lakini si wa kurundika tungo za kusifu asubuhi. Uwe wa kuulizana na kujibizana kama ilivyokuwa zama za Muyaka, mada moja kila mwezi, mtu atetee reli mpya iliyofika mwaka 2017 na mwengine aililie biashara ya malori iliyopungua, na wasomaji wawe mahakimu. Pawe na ukurasa wa waliotutoka, wasiwe wakubwa peke yao: muuza kahawa, mkunga, mwalimu wa chuoni, baharia, mama aliyepika mahamri kwenye kona ile ile kwa miaka thalathini. Na pawe na ukurasa wa masahihisho, nao uwekwe mbele kabisa, pale ambapo magazeti mengine huweka picha za wakubwa, ili kila mtu ajue kwamba jarida hili likikosea halijifichi nyuma. Kisha nakala za kila toleo zipelekwe katika maktaba ya umma, katika vyuo vyetu na Ngome ya Yesu, kwa kuwa unyevu wa bahari na mchwa wa pwani hawana urafiki na karatasi iliyowekwa sandukuni.

Sina shaka kwamba wapo watakaoona kuwa naota ndoto za mchana. Basi nami, ili nisiwe wa kunena bila kutenda, nimeanza na ukurasa mmoja, wa fundi wetu wa saa. Niliandika yale niliyoyajua, nikaona yamepangika vizuri, nikaenda nayo nyumbani kwa mjane wake kumsomea kabla ya kumpa mtu mwengine. Akanikaribisha, akaweka chai, akanisikiliza kwa adabu mpaka nilipofika mstari wa tatu. "La, mwanangu," akasema, "hakujifunza kazi kwa babake. Babake alikuwa seremala wa mashua. Kazi ya saa alifunzwa na Mhindi wa Kuze." Nikafuta, nikaandika. Mstari wa saba akanisimamisha tena: siyo miaka arubaini, ni arubaini na sita, kwa kuwa alipofungua meza yake mtoto wao wa kwanza alikuwa hajaanza kutambaa. Nikafuta, nikaandika. Nilipotoka pale, karatasi yangu ilikuwa imejaa mikwaruzo na chai imemwagikia pembe moja, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu mingi ya kuandika nilikuwa na yakini kwamba nilichokishika mkononi ni kweli.